Maswali ya Wasomaji: Wadai Wamezidi, Kipato Hakitoshi

Barua tulizopokea kuhusu madeni ni nyingi kuliko nafasi tuliyo nayo, kwa hiyo tumechagua tatu ambazo, zikisomwa pamoja, zinagusa sehemu kubwa ya yale ambayo wasomaji wengine wameuliza. Majina tumeyaficha kwa ombi la wenyewe. Majibu haya hayachukui nafasi ya wakili au msaidizi wa kisheria aliyezisoma nyaraka zako, lakini yatakusaidia kufika kwake ukijua cha kumuuliza.

SWALI: Shikamoo ndugu mwandishi. Mimi ni mama lishe hapa Morogoro. Mama yangu mzazi alipougua nilikopa shilingi 300,000 kwa mkopeshaji wa mtaani, wale tunaowaita kausha damu, kwa makubaliano ya kurejesha 13,000 kila siku kwa siku 30. Nilipoanza kushindwa nikakopa 200,000 kwa mwingine ili nimtulize wa kwanza, na huyo wa pili anataka 9,000 kila siku, naye kwa siku 30. Wa kwanza nimemlipa siku 16, wa pili siku 10, sasa nimekwama. Nadaiwa pia 250,000 na kikoba chetu, 120,000 na duka la jumla ninakochukua mchele na mafuta, na mkopo wa simu wa 80,000 ambao wanasema umeshafika 112,000. Hao wa simu wameanza kuwatumia ndugu na wateja wangu ujumbe kwamba mimi ni tapeli. Faida yangu siku ikiwa nzuri ni kama 17,000. Mkopeshaji wa kwanza amesema atakuja kubeba friji na masufuria, na kwamba polisi watanikamata. Mume wangu hajui lolote. Nimesikia kuna mahali wanatoa milioni moja kwa dhamana ya vyombo vya ndani. Je, nichukue niwalipe wote kwa mara moja?
Mama Lishe, Morogoro

JIBU: Marahaba, mama, na pole sana kwa yaliyokupata. Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo lenye haraka kuliko yote: tafadhali usichukue hiyo milioni. Ukipewa kwa masharti kama ya yule mkopeshaji wako wa kwanza, yaani riba ya asilimia 30 na marejesho ya siku 30, utatakiwa kutoa zaidi ya 43,000 kila siku, na wewe unapata 17,000. Tazama ulipo leo. Wakopeshaji wawili wanataka 22,000 kwa siku kutoka kwenye faida ya 17,000, kabla watoto hawajala na kabla hujanunua gunia la mkaa la kesho. Tatizo lako halijatokana na uvivu wala uzembe, kwa kuwa hata ungefanya kazi usiku na mchana kwa biashara hiyo hiyo, marejesho hayo yasingetoshelezwa na faida hiyo. Kwa hiyo jambo la kufanya ni kubadilisha marejesho yaendane na kipato chako, na hilo halifanyiki kwa kukopa tena.

Chukua daftari uandike kila anayekudai, kiasi ulichopokea mkononi, tarehe, kiasi ulichokwisha kulipa, na kiasi anachosema kimebaki. Kwa maelezo yako nimepata hivi: wa kwanza anadai bado 182,000, wa pili 180,000, kikoba 250,000, mkopo wa simu 112,000, na duka 120,000. Jumla ni 844,000. Ni fedha nyingi kwa mama lishe, lakini sasa ina mwisho unaoonekana, na watu wengi wanaotuandikia wanashangaa kugundua kwamba hawajawahi kuijumlisha.

Ukurasa wa pili wa daftari uwe wa matumizi ya lazima, nao utangulie wadai wote. Chakula cha nyumbani, kodi ya chumba, nauli na mahitaji ya shule, dawa, na mtaji wa kununulia mchele wa kesho yake. Wengi humlipa kwanza yule anayepiga kelele zaidi, wakaula mtaji, na baada ya wiki mbili hawana biashara wala njia ya kumlipa yeyote. Tuseme nyumba inahitaji 9,000 kwa siku na unaweka 1,000 kando kwa siku ambayo mvua itakuzuia kupika. Zinabaki 7,000. Kwa siku sita za kazi hizo ni 42,000 kwa wiki, na hicho ndicho kiasi unachoweza kuahidi bila kudanganya. Kwa mwendo huo deni lote, hata kama hakuna atakayekusamehe shilingi moja, linaisha kwa takribani miezi mitano, mradi wakubali kusimamisha nyongeza na faini.

Fedha hizo 42,000 uzigawe kwa uwiano wa madeni, kwa maana kwamba mwenye deni kubwa apate zaidi na mwenye dogo apate kidogo, na asiwepo atakayeachwa. Hesabu inatoa kama 9,000 kwa wiki kwa mkopeshaji wa kwanza, 9,000 kwa wa pili, 12,500 kwa kikoba, 5,500 kwa mkopo wa simu na 6,000 kwa duka. Huu ndio utaratibu unaotumika hata mali ya mfilisika inapogawiwa kwa wadai wasio na dhamana, na una faida kwako katika mazungumzo: mdai akiona orodha nzima, akaona kwamba hakuna aliyependelewa, hasira yake hupungua. Duka la jumla utalitendea tofauti kidogo. Deni la zamani liingie kwenye foleni, lakini kuanzia sasa nunua kwa fedha taslimu hata kama ni kilo chache, ili mwenye duka aone kwamba deni haliongezeki na asikufungie mlango.

Sasa nenda kwa kila mmoja kabla hajaja kwako, ukiwa na barua ya nakala mbili. Haihitaji maneno makubwa. Andika: "Nakiri nilipokea kwako shilingi 300,000 na nimekwisha kukulipa 208,000. Kipato changu kimeshindwa kumudu marejesho ya kila siku. Nadaiwa na watu watano, na naweza kulipa jumla ya shilingi 42,000 kwa wiki kwa wote. Naomba ukubali 9,000 kila Jumamosi na usimamishe riba na faini kuanzia leo." Aweke sahihi kwenye nakala yako, au mwenyekiti wa serikali ya mtaa ashuhudie kwamba umeipeleka. Kila unapolipa, pata risiti au lipa kwa simu ili muamala ubaki kwenye kumbukumbu. Usiweke sahihi kwenye karatasi yenye nafasi tupu, na usikubali kuandikiana mkataba mpya ambao umeyageuza mabaki pamoja na riba kuwa mkopo mpya, kwa sababu hapo riba huanza kuzaa riba.

Kuna jambo ambalo wakopaji wengi wa mitaani hawalijui. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka kila anayefanya biashara ya kukopesha kuwa na leseni, na wale wa daraja la pili, yaani watu binafsi na kampuni zisizopokea amana, hupewa leseni na Benki Kuu ya Tanzania, ambayo imeweka ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa mkopo wako wa 300,000 riba ya mwezi ingekuwa 10,500 badala ya 90,000. Kwa ule wa 200,000 ingekuwa 7,000 badala ya 70,000. Ukihesabu hivyo, wa kwanza amebakiza kukudai 102,500 na wa pili 117,000, tofauti ya 142,500 kwa wote wawili. Muulize kila mmoja, kwa adabu na mbele ya shahidi, namba ya leseni yake. Mwenye leseni amefungwa na ukomo huo, na unaweza kumlalamikia Benki Kuu. Asiye nayo anafanya kosa kwa kule kukopesha kwenyewe, na mtu wa namna hiyo huwa hana hamu ya kukufikisha mbele ya hakimu. Sisemi umdhulumu. Fedha uliyoipokea mkononi irudishe yote, kwa sababu ulipewa wakati wa shida na uliahidi. Riba ya asilimia 30 na 35 ndiyo unayoweza kuikataa bila aibu yoyote.

Kuhusu vitisho vya kubeba friji na masufuria: kushindwa kulipa deni ni shauri la madai, si kosa la jinai, na polisi hawana kazi ya kukusanya madeni ya watu, isipokuwa kama ulikopa kwa udanganyifu, kwa mfano kwa nyaraka za kughushi. Anayekudai hana mamlaka ya kuingia kwako na kubeba vitu kwa nguvu. Akitaka mali yako aende mahakamani, apate hukumu, apate na amri ya utekelezaji, na kazi hiyo hufanywa na dalali wa mahakama. Hata hapo, sheria ya mwenendo wa mashauri ya madai inakinga nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko ya mdaiwa na familia yake. Lakini isome tena karatasi uliyoweka sahihi. Kama friji imetajwa humo kuwa dhamana, hoja yake juu ya friji ina nguvu zaidi, na ni vizuri kulijua hilo kabla ya kukutana naye. Ukiitwa Mahakama ya Mwanzo, nenda. Shauri huendeshwa kwa Kiswahili, na unaweza kuomba kulipa kwa awamu ukionyesha daftari lako. Usipokwenda, hukumu inaweza kutolewa bila wewe kusikilizwa, na hapo ndipo mambo huharibika.

Wale wa mkopo wa simu wamevuka mipaka. Mwezi Agosti 2024 Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wakopeshaji wa kidijitali, na Novemba mwaka huo huo ikatangaza majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila idhini yake, kwa hiyo anza kwa kuangalia kama ya kwako imo. Kuchukua majina yaliyomo kwenye simu yako na kuwatangazia watu deni lako kunagusa Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na malalamiko hupelekwa kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Usifute ujumbe wowote hata kama unakuumiza kuusoma. Waombe ndugu na wateja waliotumiwa wakupigie picha za skrini zinazoonyesha namba na tarehe, kwa kuwa huo ndio ushahidi.

Umeandika kwamba mume wako hajui. Wewe ndiye unayemfahamu, na kama una sababu ya kuogopa kupigwa, anza kwa mtu mwingine unayemwamini katika familia au kwa ofisa ustawi wa jamii. Kama hofu yako ni aibu tu, naomba umwambie wiki hii, daftari likiwa wazi mezani, kabla mkopeshaji hajamwambia mlangoni mbele ya majirani. Nimesoma barua za waume wengi katika safu hii, na kilichowauma zaidi ilikuwa kulisikia deni kutoka kwa mgeni. Vivyo hivyo kwa kikoba: omba nafasi kwenye mkutano, eleza mwenyewe, kwa kuwa kikundi kina uwezo wa kuongeza muda na kukuondolea faini, na mara nyingi hufanya hivyo kwa mwanachama aliyejitokeza.

Ukihitaji mtu wa kukaa nawe, Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 inawatambua wasaidizi wa kisheria wanaohudumia wasio na uwezo bila malipo. Ofisi ya maendeleo ya jamii ya halmashauri yako itakuelekeza waliko. Mikopo isiyo na riba ya halmashauri kwa vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu ipo pia, lakini imekusudiwa kuendeshea biashara ya kikundi. Ifikirie baada ya hii miezi mitano.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi mkoani Tabora. Nilikopa 1,200,000 kwa mtu binafsi, akachukua kadi yangu ya benki na namba ya siri. Kila mshahara unapoingia anatoa 250,000, na sasa ni miezi tisa. Nikimuuliza deni limebaki kiasi gani, ananijibu kwamba bado. Nifanye nini bila kuharibu kazi yangu?
Mwalimu, Tabora

JIBU: Mwalimu, nenda kwenye tawi la benki yako ukiwa na kitambulisho, uombe taarifa ya akaunti ya miezi yote tisa. Kila alichokitoa kimeandikwa humo, siku na saa, na mashine iliyotumika. Kama ni 250,000 kila mwezi, amekwisha kuchukua 2,250,000. Hata ukimhesabia riba ya asilimia 3.5 kwa mwezi juu ya mkopo wote kwa miezi yote tisa, bila kupunguza chochote kwa ulichokwisha kulipa, hesabu inayompendelea yeye kabisa, alistahili 1,578,000. Amezidisha 672,000. Inawezekana mkataba wenu unasema vingine, na utamwonyesha msaidizi wa kisheria mkataba huo, lakini naamini deni hili lilikwisha zamani.

Siku hiyo hiyo iombe benki ifunge kadi ya zamani na ikupe nyingine yenye namba mpya ya siri. Masharti ya kadi yanakukataza kumpa mtu yeyote namba hiyo, na kuendelea kuiacha kwake kunakuweka wewe mashakani iwapo akaunti itatumiwa vibaya. Usifunge kadi kisha ukajificha, kwa maana atakufuata shuleni na jambo litakuwa kubwa. Mpelekee barua siku ile ile, ukiambatisha hesabu, ukimwambia kwamba kwa kumbukumbu za benki umemaliza, na kwamba kama ana hesabu tofauti ailete kwa maandishi pamoja na leseni yake. Nakala moja ibaki kwako na nyingine kwa mtu unayemwamini.

Kuhusu kazi yako, deni la binafsi peke yake si sababu ya kufukuzwa. Mwone ofisa utumishi mapema umweleze, ili mkopeshaji akifika ofisini pasiwe na jambo geni. Utumishi wa umma una utaratibu unaotaka makato ya mshahara yasizidi theluthi mbili, mtumishi abaki na theluthi moja ya kuishi. Mkopeshaji anayekaa na kadi ameukwepa utaratibu huo, na ndiyo sababu anaipenda njia hiyo. Ukishauriwa kuchukua mkopo wa benki au wa SACCOS (chama cha ushirika cha akiba na mikopo) ili kumlipa, kubali tu kama itathibitika kwa maandishi kwamba kweli unadaiwa, na kwamba jumla utakayorejesha kwenye mkopo mpya ni ndogo kuliko anayoidai yeye.

SWALI: Nilikuwa nafanya kazi hotelini Mombasa, nikaachishwa. Nina madeni ya jumla ya shilingi 260,000 za Kenya: mikopo ya simu, chama (kikundi chetu cha kuweka akiba na kukopeshana), na mkopo mmoja wa benki usio na dhamana. Sina shamba, sina gari, naishi kwa dada yangu na kufanya vibarua. Nimesikia Kenya kuna sheria ya kumsamehe mtu kama mimi. Ni kweli?
Kijana wa Likoni

JIBU: Ni kweli, na wasomaji wetu wa Tanzania wakumbuke kwamba ninayoeleza hapa ni ya Kenya peke yake. Sheria ya Ufilisi ya mwaka 2015 ina utaratibu wa mdaiwa asiye na mali. Maombi hupelekwa kwa Mpokezi Rasmi, afisi iliyo chini ya Huduma ya Usajili wa Biashara. Mwombaji anatakiwa awe na madeni yasiyopungua shilingi 100,000 na yasiyozidi 400,000, asiwe na mali inayoweza kuuzwa kuwalipa wadai, asiwe amewahi kutangazwa mufilisi wala kupitia utaratibu huu, na kipato chake kionyeshe kwamba hana uwezo wa kulipa. Kwa maelezo yako naona unaingia.

Ukikubaliwa, wadai waliomo kwenye orodha hawawezi kuendelea kukudai wala kukushtaki kwa madeni hayo, na baada ya miezi 12 madeni hayo hufutwa. Hayafutwi yaliyopatikana kwa ulaghai, wala matunzo ya mtoto au mke yaliyoamriwa na mahakama. Mwenye dhamana hubaki na haki juu ya dhamana yake. Ombi linaweza kukataliwa kwa aliyeficha mali au aliyekopa akijua hana namna ya kulipa, kwa hiyo usichukue mkopo mwingine wowote wakati unajiandaa. Ukipata kazi nzuri ndani ya mwaka huo, una wajibu wa kumjulisha Mpokezi Rasmi. Jina lako pia litaonekana kwenye rejista ya umma, na hilo lina uzito, hasa kwa mwenye nia ya kukopa karibuni. Kwa mtu asiye na chochote cha kupoteza isipokuwa usingizi, mimi naiona njia hii kuwa ya haki na ya heshima, na inanisikitisha kwamba ni wachache wanaoifahamu. Ukipata kipato kidogo cha kudumu kabla ya kuomba, sheria hiyo hiyo ina amri ya malipo kwa awamu, ambapo unalipa kidogo kidogo chini ya msimamizi na wadai wanatakiwa kusubiri.

Wakati ukisubiri, ujue kwamba kanuni za wakopeshaji wa kidijitali za mwaka 2022, zilizotolewa chini ya Benki Kuu ya Kenya, zinawakataza kutumia vitisho, matusi, au kuwapigia watu walio kwenye simu yako. Kwa ule mkopo wa benki, Sheria ya Benki ina kifungu cha 44A kinachozuia riba inayodaiwa baada ya mkopo kuacha kulipwa isizidi kiasi cha msingi kilichokuwa kimebaki wakati huo. Omba benki ikupe mchanganuo na uulinganishe na kifungu hicho.

Kabla ya kwenda kwa Mpokezi Rasmi, pata ripoti yako ya CRB, yaani taasisi zinazotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, kutoka kwa TransUnion, Metropol na Creditinfo. Kila mmoja analazimika kukupa moja bila malipo kwa mwaka, na ukizilinganisha utaona madeni ambayo huenda umeyasahau, au yaliyoandikwa kimakosa, ambayo una haki ya kuyapinga. Beba ripoti hizo, kitambulisho, barua ya kuachishwa kazi, ujumbe wa wadai, na taarifa ya M-Pesa ya miezi sita inayoonyesha jinsi unavyoishi. Mtu akikuahidi kukufutia jina CRB kwa malipo ya haraka, usimpe kitu, kwa sababu rekodi hurekebishwa na CRB yenyewe baada ya kuthibitishiwa na aliyekukopesha.